Lubumbashi kwa miguu, na marafiki uliowapata juzi

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Njombe, Tanzania. Nimefika Lubumbashi wiki tatu zilizopita kwa kazi ya miezi sita katika ofisi ya uwakala wa mizigo. Ninapokaa nimepata marafiki watatu: mmoja wa Bukavu, mmoja Mzambia wa Kitwe, na mmoja mzaliwa wa hapa hapa, kwao ni Katuba. Tumekubaliana kila Jumamosi tuuzunguke mji kwa miguu. Shida ni kwamba kila mtu ana orodha yake ya kutaka kuona na hatujui tuanzie wapi. Naogopa tusije tukajiingiza matatani. Halafu huyu wa Katuba namwona anasitasita, ingawa hasemi kitu. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na karibu sana. Salamu yako imenigusa, kwa sababu hapa kwetu utakaa miezi yako sita bila kuisikia. Lubumbashi mtu mzima tunamwita papa au mama, hata kama hujawahi kumwona, tunamwambia “jambo” na tunampa mkono. Mengine yote yatafuata baada ya hapo. Nimekuwa nikiwatembeza wageni katika mji huu kwa miaka mingi, na karibu kila ugomvi mdogo niliouona njiani ulianza kwa mtu aliyeuliza kabla ya kusalimu.

Sasa kuhusu orodha zenu. Ziwekeni pembeni zote nne. Chagueni njia moja tu, na muitembee Jumamosi tatu mfululizo, njia ile ile. Najua hilo linawakatisha tamaa vijana wenye miezi sita tu, lakini nisikilize. Mara ya kwanza mtu akitembea mji mgeni anatazama miguu yake, anashika mkoba, anahesabu kona ili asipotee. Haoni kitu. Mara ya pili anainua macho. Mara ya tatu muuza vocha wa pale kwenye kona anamwuliza, “Leo munaenda fasi kani?” yaani mnaenda wapi, na tangu siku hiyo ana mtu anayemjua katika mtaa ule. Kwa usalama wenu, huyo muuza vocha anawafaa kuliko ramani iliyo kwenye simu. Na kwa urafiki wenu pia ni hivyo hivyo: mkirudia njia mtakuwa na mambo ya kukumbushana, “ile duka ilikuwa imefungwa,” “yule mama leo hayupo.” Watu waliojuana juzi wanahitaji kumbukumbu za pamoja, hata ndogo.

Njia ninayowapendekezea inaanzia katikati ya mji, pale posta, penye sanamu ya Moïse Tshombe. Kutaneni pale asubuhi. Lakini angalia saa yako kwanza: saa ya Lubumbashi iko nyuma ya saa ya Njombe kwa saa nzima, na wengi hapa hutaja saa na bei kwa namba za Kifaransa. Mkipatana muda, hakikisheni wote wanne mmeelewa kitu kimoja.

Mkiwa pale, simameni dakika kumi kabla ya kuondoka. Mtaona barabara zimenyooka kama zimepigwa rula. Mji huu ulipangwa na Wabelgiji mwaka 1910, wakauita Élisabethville kwa jina la malkia wao, na mwaka huo huo reli ikafika kutoka kusini, upande wa Rhodesia, Zambia ya leo. Kwa hiyo mji na reli ni pacha. Kilichowaleta ni shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri la hapa likaanza kuyeyusha shaba. Mkitafuta kidogo kati ya mapaa mtaliona bomba refu la moshi la kiwanda hicho, na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa. Si mlima wa Mungu ule. Uliinuliwa na jasho la watu, miaka na miaka, mpaka ukawa alama ya mji. Tarehe 1 Januari 1967 kampuni ilichukuliwa na serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Ukimkuta mzee aliyefanya kazi huko, mpe muda wako wote. Hamtaingia kiwandani, na msijaribu. Ulitazameni lile bomba kwa mbali, mlitumie kama dira, maana ukilijua liko upande gani huwezi kupotea katika mji huu.

Na jina la Tshombe? Mtasikia mengi, na mtasikia yanayopingana. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza kwamba Katanga, mkoa mzima wa huku wakati huo, imejitenga na Kongo, na kujitenga huko kuliisha Januari 1963. Kati ya tarehe hizo mbili, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliletwa hapa kwa ndege na kuuawa usiku ule ule nje ya mji. Pale walipouawa panaitwa Shilatembo, njia ya kwenda Likasi. Ni safari ya gari, kwa hiyo haimo katika matembezi yenu ya sasa, lakini kabla hujarudi Njombe nenda. Ninachokuomba ni hiki: historia hii bado ni ya nyumbani kwa watu. Kuna familia zilizomlilia mmoja na familia zilizomlilia mwingine, na nyingine zilizowalilia wote wawili. Ukisimama mbele ya sanamu usitoe hukumu kwa sauti. Uliza, “Papa, wewe ulisikia nini nyumbani kwenu?” halafu unyamaze.

Kutoka posta nendeni makumbusho ya taifa, na hapo ndipo ningependa mlipe mtu awaongoze kwa saa moja, angalau katika mzunguko wa pili. Jirani yake kuna jengo la ukumbi wa maonyesho la miaka ya 1950, ambalo leo ni bunge la mkoa. Ndani ya makumbusho tafuteni misalaba ya shaba. Kabla ya mzungu yeyote kuja na reli, mafundi wa nchi hii waliyeyusha shaba kwa tanuri za udongo, wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Shaba yenyewe huku inaitwa mukuba. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba utajiri wa Katanga uligunduliwa na wakoloni, wewe umeushika msingi wa jibu.

Na hapo makumbusho, mdogo wangu, ujue kwamba wewe Mtanzania huji mgeni mtupu. Msiri, aliyetawala nchi hii kutoka Bunkeya katika karne ya 19, asili yake ilikuwa Unyamwezi. Watu wake walifuata shaba, wakabaki, wakawa Bayeke. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kumnyang'anya nchi. Yaani njia unayoifuata wewe leo na makaratasi yako ya mizigo, watu wa kwenu waliipita zamani kwa miguu wakibeba chumvi na shaba. Katanga yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997.

Mkitoka hapo ndipo matembezi yenyewe yanaanza. Elekeeni Kamalondo.

Sitaki mpande gari kipande hiki, hata kama jua limewaka. Wabelgiji walipoupanga mji waliugawa mara mbili: mji wa wazungu huku, na site, yaani makazi ya Waafrika, kule, na katikati wakaacha ukanda mtupu wa mita 700 hivi, wakasema ni kwa ajili ya afya, ili mbu wa malaria asiruke kutoka kwa mweusi kwenda kwa mweupe. Mpishi, dereva, karani, wote walivuka ukanda ule alfajiri kwenda kazini, na jioni wakauvuka tena kurudi, maana usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa pili bila karatasi. Leo ukanda umejengwa na hakuna kibao kinachosema “mpaka ulikuwa hapa.” Ukipita kwa gari unaukosa kabisa. Kwa miguu utauhisi: kuna mahali miti ya barabarani inapungua, viwanja vinakuwa vikubwa na vya kiofisi, mnatembea kitambo bila kupita nyumba ya mtu, halafu ghafla nyumba zinarudi, ndogo ndogo, zimeegemeana, na sauti za watu zinaanza. Mara ya kwanza nilipowapitisha wageni hapo nilijaribu kueleza kila kitu. Siku hizi nawaambia tu: tembeeni kimya mpaka msikie redio. Wakiisikia, wanaelewa wamevuka nini.

Kamalondo ndiyo mtaa mkongwe wa site. Hapo Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilikomaa, katika vinywa vya watu walioletwa kazini kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, na kutoka ng'ambo ya mpaka wa Rhodesia. Kisikilizeni kwa heshima. Mtu atasema “batu” pale wewe unaposema watu, “kani” kwa gani, “fasi” kwa mahali. Usimsahihishe. Wageni kutoka Tanzania na Kenya hufanya kosa hili kwa nia njema kabisa, na linauma. Mwaka 1965 wafanyakazi wa majumbani wa mji huu waliandika historia yao wenyewe kwa Kiswahili hiki hiki, wakati wasomi wengi walidhani haiwezekani kuandika chochote kwacho. Jaribu kukisema, watu watacheka kwa furaha, na mlango utafunguka.

Mlango mwingine ni mpira. Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939, sawa na mahasimu wao Saint-Éloi Lupopo, imekuwa bingwa wa Afrika mara tano, na Desemba 2010 ilifika fainali ya klabu bingwa ya dunia dhidi ya Inter Milan. Ukisema unatoka Tanzania utaulizwa habari za Mbwana Samatta kabla hujaulizwa jina lako. Alicheza hapa kuanzia 2011, akabeba kombe la Afrika la 2015 pamoja na Thomas Ulimwengu. Hata kama hufuatilii mpira, jifunze hayo mawili. Ila siku ya mechi kati ya timu hizo mbili msipite huko kutembea. Umati ni mwingi na wageni hawajui ukitoka unaelekea wapi.

Kutoka Kamalondo si mbali kufika Kenya, si nchi bali komini, yaani sehemu mojawapo ya mji huu, na soko lake, na hapo mwachie usukani Mzambia wenu. Kitwe na Lubumbashi ziko juu ya mkanda mmoja wa shaba, mpaka ndio uliowatenganisha ndugu, na Kibemba chake kitasikika masikioni mwa mama wengi pale sokoni. Atapunguziwa bei kuliko ninyi wote. Kuleni hapo: bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, au ndakala, samaki wadogo wakavu. Michopo ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, tamu, ila hiyo ingojeeni mpaka mmalize kutembea, maana inakaribisha kukaa. Wakati wa mvua ulizieni uyoga, kwa kuwa misitu ya miombo ya Katanga ina uyoga wa aina nyingi ajabu. Na wewe wa Njombe ulizia kikanda. Ni mkate unaotengenezwa kwa mizizi ya okidi iliyotwangwa pamoja na karanga. Mizizi ya aina hiyo huchimbwa nyanda zenu za juu na kuvushwa kwenda Zambia, na huenda umeiona ikikusanywa magunia kwa magunia bila kujua inaishia katika sahani ya nani.

Rudini kwa basi dogo la abiria, msirudi kwa miguu. Saa kumi na moja jioni kila mtu awe kwake au njiani kwenda kwake. Giza huku huingia upesi, na usiku Lubumbashi si mji wa kutembea kwa miguu, hata sisi wenyeji hatufanyi hivyo. Beba nakala ya pasipoti, ya asili iache mahali salama. Beba falanga za noti ndogo kwa maji na nauli. Dola hupokewa, lakini yenye mchaniko hata wa ukucha hukataliwa.

Kuhusu picha nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi huingia matatani. Usipige picha ya jengo la serikali, askari, kituo cha reli wala daraja. Siku moja nilikuwa na kikundi cha watu wanne, mmoja akainua simu kupiga picha ya mti wa jakaranda uliokuwa umechanua. Nyuma ya mti kulikuwa na lango la ofisi ambayo sikuiangalia vizuri. Mtu aliyevaa kiraia alitusimamisha zaidi ya saa moja. Tulitoka salama kwa sababu hakuna aliyepandisha sauti, na kwa sababu mama aliyekuwa akiuza karanga pale, ambaye ananijua, alikuja kusema, “Hawa batu najua, banapita hapa kila wiki.” Unaona sasa kwa nini nakusisitizia njia moja. Mkitaka picha ya mtu, mwombeni kwanza, akikataa, mshukuruni.

Sasa nirudi kwa rafiki yako wa Katuba, kwa sababu nadhani swali lako lenyewe liko pale.

Kwenu mnaona kutembea kwa miguu ni starehe. Kwa mtoto wa Katuba, kutembea kwa miguu kutoka mjini mpaka nyumbani ni jambo ambalo baba yake alilifanya mwisho wa mwezi nauli ilipoisha. Ninyi mnamwambia, “Twende tukaone mtaa wenu,” naye anasikia, “Twende tukaone mnavyoishi.” Simlaumu, wala siwalaumu ninyi. Lakini mkimgeuza kuwa mwongozaji wenu kwa sababu tu kazaliwa hapa, mmemtoa katika urafiki na kumpa kazi isiyo na mshahara. Tena usishangae ukigundua kwamba hajawahi kuingia makumbusho, au hajui sanamu ya posta iliwekwa kwa nini. Wangapi wa Njombe wamepanda Kitulo kuona maua?

Kwa hiyo mpeni Jumamosi tatu za kuwa mgeni pamoja nanyi. Anayesoma ramani awe wa Bukavu, yeye naye anaujifunza mji. Tembeeni wawili wawili na mbadilishane kila mnapovuka barabara kubwa, ili isiwe wawili wanakuwa marafiki wa karibu na wengine wawili wanafuata nyuma kama mizigo. Mwendo uwe wa yule anayechoka haraka. Suala la fedha limalizeni mapema: hapa anayealika ndiye anayelipa, ndiyo desturi, kwa hiyo neno “nakualika” lina uzito. Ninyi wekeni mchango sawa kwa wote, mdogo wa kumwezesha yule mwenye kidogo zaidi, na mmoja aushike. Wewe mwenye mshahara wa ofisi utashawishika kulipia wenzako kila mara. Usifanye hivyo. Mara mbili ni ukarimu, mara ya tano wanaanza kukutafuta wanapokuwa na njaa tu, na wao wenyewe hawataipenda hali hiyo.

Akiwa tayari, yeye mwenyewe atasema. Atasema kwa namna ya kupitisha tu, kwamba mama yake aliuliza ninyi ni kina nani. Hapo mjue mmealikwa. Msiende mikono mitupu: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, kitu cha nyumbani. Msimpigie mama picha, wala nyumba. Kaeni mnapoonyeshwa, kuleni mnachopewa, na kama kuna bibi, mwanzieni yeye salamu.

Baada ya hapo, ndiyo, toeni orodha zenu. Kuna sinagogi la mwaka 1930, la wakati Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walipokuwa wengi mjini. Kuna kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Kuna wachoraji, na hili ningependa mlipe siku nzima, kwa kuwa mji huu umewalea tangu miaka ya 1940, wakati karakana iliyoitwa Hangar ilipowatoa Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, na Mwenze Kibwanga. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, na tangu 2008 vijana wa chama cha sanaa kiitwacho Picha wanaleta wasanii wa dunia hapa kwa maonyesho yao. Mkiwa bado hapa Septemba na Oktoba, jakaranda zinachanua na barabara za katikati zinakuwa za zambarau juu na chini. Juni na Julai bebeni sweta, asubuhi ni baridi, ingawa mtu wa Njombe ataicheka baridi yetu.

Jumamosi hii anzeni basi. Posta, saa mbili asubuhi kwa saa ya hapa, viatu vya kufunga, chupa ya maji kwa kila mtu. Mkifika Kamalondo mtapita karibu na kina mama wanaouza karanga kando ya barabara. Nunueni kwa mmoja wao, mumwulize jina, na Jumamosi inayofuata mnunue kwa huyo huyo.